Kidhibiti volti cha kielektroniki kwenye Triumph Spitfire yangu: uzoefu wangu

Nina Triumph Spitfire Mk IV ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Uingereza, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikisia mafuta kwa kuhesabu kilomita kwa sababu geji sikuiamini. Geji ya joto nayo ilikuwa ikikaribia H (moto) hata pale injini ilipokuwa imetulia na rejeta haina shida yoyote.

Geji mbili zikikosea kwa pamoja, usikimbilie kufungua tenki. Zote hulishwa na kidude kimoja kilicho nyuma ya dashibodi, kidhibiti volti, ambacho huzipa takriban volti 10 hata alteneta ikipeleka 14. Kile cha zamani kina bamba la metali mbili lililozungushiwa waya wa kulipasha moto. Likipata joto hupinda na kukata umeme, likipoa huunga tena, na wastani wake ndio hizo volti 10. Waya huo wa kupasha moto unapata arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa bati la kidhibiti chenyewe. Arthi ikipotea, bamba halipati joto, halikati, na geji zinamezeshwa volti zote za betri. Nilipoweka taa ya kupimia kwenye waya unaotoka, iliwaka mfululizo badala ya kupepesa. Nilisafisha skrubu inayokishikilia kidhibiti, taa ikaanza kupepesa, lakini baada ya wiki mbili hali ikarudi ilivyokuwa. Ndipo nikanunua cha kielektroniki.

Kukifunga ni kazi ya dakika chache: chomoa nyaya za betri kwanza, toa cha zamani, weka kipya palepale. Multimita ilinionyesha volti 10 zilizotulia, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Geji ya joto ikashuka hadi katikati na haijacheza tangu siku hiyo. Kwa hilo nakisifu bila kusita. Nisichokipenda ni kwamba kilikuja bila karatasi ya maelekezo, na ncha za kuingiza na kutoa umeme zinafanana kabisa. Ilinibidi nifuate kila waya kwa mita kabla sijathubutu kuunganisha.

Lakini geji ya mafuta ilinitia wasiwasi. Nikiwa nimetoka kujaza tenki, mshale ulisimama chini ya nusu! Nilikaribia kukirudisha kidhibiti nikidhani ni kibovu. Nikafungua buti, nikachomoa kwenye sensa ya tenki, inayopima kiasi cha mafuta, waya wa kijani wenye mstari mweusi, kisha nikapima ukinzani kutoka ncha ya sensa hadi bati la tenki: omu 26, sawa kwa tenki lililojaa. Nikapima tena kutoka ncha ileile hadi kwenye chuma kitupu cha bodi: omu 95. Tofauti yote hiyo ilikuwa kwenye arthi ya tenki. Kumbe aliyelipaka tenki rangi kabla yangu alikuwa amepaka hadi chini ya ncha ya waya mweusi, na kutu ikajijenga pembeni. Miaka yote volti zilizozidi zilikuwa zikiusukuma mshale juu na arthi mbovu ikiuvuta chini, kosa moja likificha jingine.

Nilipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikabadilisha ncha ya waya, nikapaka vaselini. Sensa mpya niliyokuwa nimeshaiagiza haikuhitajika tena, na nimefurahi, maana imefungwa ubavuni mwa tenki na kuitoa kunataka petroli imwagwe kwanza.

Jambo moja kwa atakayekinunua: mshale bado utapanda polepole unapowasha gari. Geji zenyewe pia hufanya kazi kwa joto, hivyo huo si ubovu wa kidhibiti. Ukitaka kuijaribu geji peke yake, gusisha ule waya wa kijani na mweusi kwenye arthi kwa sekunde chache, mbali kabisa na mvuke wa petroli. Mshale ukielekea F (tenki limejaa), geji ni nzima. Na kabla ya kuagiza, hakikisha kama gari lako ni la arthi hasi au chanya, yaani ncha ipi ya betri imeungwa kwenye bodi, kwa sababu cha kielektroniki hutengenezwa kwa upande mmoja, na magari mengi ya Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa ya arthi chanya.

Wiki iliyopita nilijaza tena. Mshale ukapanda taratibu, ukafika F, ukatulia.