Maabara ya usingizi: kulala au kukesha?
Katika maabara ya usingizi, ungechagua kujitolea kuchunguzwa ukilala, au kuwa fundi anayekesha kumchunguza mlalaji? Watu husema anayejitolea kwenye utafiti hulipwa kwa kulala. Wana ukweli kiasi. Kuna tafiti ambazo unakaa siku kadhaa katika chumba kisicho na dirisha wala saa, mwanga hafifu, kahawa marufuku, na pengine unanyimwa huo huo usingizi huku ukitolewa damu kidogo kidogo. Ila una haki ya kujitoa wakati wowote, bila kueleza sababu.

Fundi wa maabara hawezi kuaga katikati ya zamu. Jioni hupima kichwa cha mlalaji kwa tepu, husugua ngozi, hubandika elektrodi (vihisio vidogo vya kunasa umeme wa ubongo na misuli) kichwani, kando ya macho, kidevuni na miguuni, kisha hufunga mikanda kifuani na tumboni. Waya ukichomoka saa tisa usiku, huingia kwa kunyata kuurudisha. Rekodi nayo husomwa kwa vipande vya sekunde 30, kimoja baada ya kingine, macho huuma. Na usingizi wake mwenyewe ndio wa kwanza kuharibika.

Hata hivyo ningechagua ufundi: kujua kusoma mawimbi ya ubongo ni ajira, kujitolea ni posho tu.