Kiwanja au Nyumba ya Bei Nafuu Mtwara na Lindi kwa Anayeishi Mbali: Wapi pa Kuanzia, Wapi pa Kukwepa

Orodha hii imepangwa kwa mnunuzi asiyekuwepo: anayeishi Muscat, London au Dar es Salaam, anayetaka makazi ya gharama ndogo Kusini na hawezi kwenda kila wiki kuangalia kama mipaka yake imesogezwa. Kwa mtu wa namna hiyo tumeweka mbele hali ya karatasi, kisha maji, kisha barabara. Bei imekuja baada ya hapo, na mandhari ya bahari yamekuja mwisho kabisa.

1. Pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara: Mangamba, Naliendele, Mitengo

Hapa ndipo tungemshauri mtu aanzie. Mitengo ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Naliendele ina kituo cha utafiti wa kilimo na iko kwenye barabara iendayo Newala, na Mangamba iko kwenye barabara kuu. Maeneo haya hayategemei mradi mmoja mkubwa ili yakue. Jambo hilo ni zito Mtwara, kwa sababu waliofuata shamrashamra za gesi asilia miaka ile ya 2011 hadi 2014 walinunua kwa matumaini, na wengi wakabaki na nyumba zisizo na wapangaji.

Muuzaji atakwambia "kimepimwa". Mwulize kimefika hatua ipi, maana ziko tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mchoro wa mipango miji, yaani karatasi inayoonyesha barabara na viwanja vinavyokusudiwa. Ya pili ni ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na hapo bikoni, yaani alama za mipaka, huwa zimeshafukiwa ardhini. Ya tatu ni hati. Anayeuza akiwa na mchoro tu anauza kusudio: kiwanja kinaweza kuhama mita kadhaa, kupungua, au kugeuka njia. Lipia kilichofika hatua ya pili au ya tatu, na umtume mpima akaonyeshe bikoni zote kwa kifaa. Bikoni moja ikikosekana, gharama ya kuirudisha iwe ya muuzaji, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba.

Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Soma iliyobaki, usisome iliyoandikwa mwanzo. Soma pia sharti la kuendeleza kiwanja, ambalo kwa kawaida hutoa miezi 36. Mnunuzi wa mbali hujisahau hapo, kiwanja kinakaa pori miaka kumi, na pori huwa linamwita mvamizi.

2. Masasi mjini

Mji wa biashara, wenye njia za kwenda Tunduru na Songea, Nachingwea, Newala, na Mtambaswala liliko Daraja la Umoja la kuvukia Msumbiji, lililofunguliwa 2010. Chumba cha kupangisha hapa kina wateja wa kweli: watumishi, madereva, wafanyabiashara wa korosho. Hakikisha tu upatikanaji wa maji. Kaa mbali pia na miguu ya majabali, kwani mvua kubwa ikinyesha maji huporomoka yote kwa pamoja na kubeba msingi.

3. Manispaa ya Lindi, upande wa Mitwero na Ng'apa

Mji mtulivu, na barabara ya kwenda Dar es Salaam iko hapo hapo. Tumeuweka wa tatu kwa sababu mbili. Kwanza, bei za baadhi ya vipande zimebeba matarajio ya kiwanda cha kuchakata gesi asilia huko Likong'o. Usimlipe mtu kwa ajili ya kiwanda ambacho hakijajengwa, na ukionyeshwa kiwanja jirani na eneo hilo, hakikisha kwanza ofisi ya ardhi kwamba hakimo ndani ya ardhi iliyotwaliwa. Pili, barabara yenyewe ina udhaifu upande wa Kilwa: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipopita, mawasiliano ya Kusini na Dar yalikatika. Anayepanga kusafirisha vifaa vya ujenzi kutoka Dar asiviagize wakati wa masika.

4. Newala mjini

Hali ya hewa ya uwanda wa Makonde ni ya ubaridi mzuri. Tatizo ni la kale: maji yako mabondeni, watu wako juu. Bomba lipo, lakini panga nyumba kama vile halipo. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hupokea lita 90,000. Toa robo kwa upotevu, utabaki na zaidi ya lita 67,000. Kiangazi huanza Mei na kuendelea hadi Novemba, takriban siku 200. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 20,000. Kwa hiyo mvua inatosha, kinachopungua huwa ni chombo. Chimba tanki la saruji la lita 20,000 au zaidi kabla hujanunua marumaru za sebuleni, na maji ya mvua ya kwanza yaachiwe yapite, yaoshe vumbi la bati.

5. Nyumba ya kale Mikindani

Bei inaweza kuvutia na kuta ni nzuri kweli. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti. Anayeharibu zaidi ni fundi anayepiga lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka chini na huhitaji kuutoa nje. Saruji huuziba, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Lipu iwe ya chokaa na mchanga. Boriti zikaguliwe kwa kuchokonoa ncha zilizoingia ukutani, maana mchwa na uozo huanzia pale pasipoonekana. Mji uko chini, kati ya vilima na ghuba, kwa hiyo nenda ukaone siku ya bamvua, bahari inapojaa sana, au baada ya mvua kubwa.

Kabla ya kubomoa hata dirisha, uliza ofisi ya mambo ya kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda majengo ya zamani, na mwenye nyumba hawezi kuyabadili apendavyo. Nyumba hizi pia huwa na warithi wengi waliotawanyika hadi Unguja na Oman. Mmoja asipotia sahihi, hujanunua.

6. Shangani, Mtwara mjini

Pazuri, pametulia, ila si pa bei nafuu tena. Ukipata, kagua zege. Nondo zilizomwagiwa zege la mchanga wa pwani hupata kutu, huvimba, na dari hupasuka kwa mistari iliyonyooka. Ukiona mistari hiyo imepakwa rangi mpya, ondoka.

Mwisho wa orodha: ufukwe usiopimwa na shamba la mikorosho

Ufukwe wa Msimbati umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, na shughuli zake zina masharti. Kwingineko kote, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Muuzaji anayekupimia kiwanja kuanzia mchangani anakuuzia sehemu usiyoweza kuijenga.

Shamba la mikorosho karibu na mji huonekana rahisi kuliko yote, na ndilo lenye mafundo mengi. Ardhi inaweza kuwa ya mmoja na miti ikawa imewekwa rehani kwa mwingine, na mwenye rehani atakuja kuokota korosho msimu ukifika, akiwa na haki yake. Mkataba utaje idadi ya mikorosho, useme haina rehani, na useme nani anavuna msimu uliopo. Kisha kuna ukoo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, jadi ya nasaba hupitia kwa mama, kwa hiyo sahihi ya baba na wanawe haitoshi mahali ambapo mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ardhi. Mtafute mjomba, muamkie, akae kikaoni. Kama ni ardhi ya kijiji, uamuzi upite kwenye halmashauri ya kijiji na muhtasari wake upatikane. Muhuri wa mwenyekiti peke yake haukupi umiliki.

Namna ya kulipa bila kupoteza

Anza na upekuzi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, ukiwa na namba ya kiwanja, kitalu na hati. Utaonyesha jina la mmiliki, mkopo wa benki na zuio la mahakama. Uliza deni la kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa hufuata kiwanja. Idhini ya mwenzi wa ndoa iwe ya maandishi, na kama wake ni wawili pata za wote. Mkataba usainiwe mbele ya wakili utakayemchagua wewe, si wa dalali. Baada ya uthamini hufuata fomu za uhamisho wa ardhi namba 29, 30 na 35, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na kodi ya muuzaji juu ya faida yake, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10. Andikeni nani analipa nini, kwa sababu muuzaji akishapokea fedha zote hana haraka ya kwenda mamlaka ya mapato. Zuia sehemu inayouma, robo ya bei kwa mfano, hadi hati isome jina lako.

Anayekuwakilisha apewe hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho kimoja na kazi hiyo moja, isimruhusu kuuza wala kukopea. Usiandikishe kwa jina la kaka "kwa muda". Akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake, na shemeji na watoto watakuwa na haki mbele ya mahakama hata kama kila mmoja anajua fedha zilikuwa zako. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, hilo ndilo swali la kumpelekea wakili kabla ya kutuma hata shilingi ya udalali, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ya makazi kama inavyompa raia.