Tuisheni ya kemia Ngamiani: inafaa, ila jaribio la puto lirekebishwe

Mzazi wa Tanga mwenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu anajua jinsi kusawazisha milinganyo ya kikemia kunavyowakimbiza wengi katika somo la kemia. Darasa ninalolizungumzia liko Ngamiani, huanza baada ya swala ya alasiri, na wazazi wanaruhusiwa kuketi nyuma na kusikiliza, jambo ambalo tuisheni nyingi hazilitaki.

Ubora wake ni kwamba mwalimu haanzi na kanuni za kukariri. Kila mwanafunzi hupewa visoda vya rangi tatu, kila rangi ikisimamia aina moja ya atomu, naye hatakiwi kuandika chochote mpaka visoda vya kushoto vitoshe kuunda vitu vya kulia bila kubaki wala kupungua. Mfano uliochukua muda mrefu ulikuwa propani, iliyomo katika gesi ya mitungi tunayopikia: C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Kijana mmoja, alipoona oksijeni haimtoshei, aliigeuza H₂O kuwa H₂O₂. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hayo si maji tena, bali ni dawa ya kusafishia vidonda, na kwamba kinachoruhusiwa kubadilika ni namba ya mbele tu. Kisha wakapiga hesabu ya uzito: gramu 44 za propani na 160 za oksijeni hutoa gramu 132 za hewa ukaa na 72 za maji, yaani 204 kila upande.

Vilevile alitumia jiwe la chokaa, lile lile lililochongwa na maji hadi yakatokea mapango ya Amboni. Gramu 100 za kalisi kaboneti safi, ambayo ndiyo hasa jiwe hilo, zikichomwa hadi mwisho hubakiza gramu 56 tu za chokaa, na asiyezihesabu gramu 44 za hewa ukaa zilizopaa ataapa kwamba karibu nusu ya jiwe imepotea. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alikwisha kulieleza hilo mwaka 1789, kwamba uzito haupotei wala hauzuki.

Kasoro niliyoiona ni ya jaribio la siki na magadi, lililokusudiwa kuonyesha kwamba uzito haubadiliki hata hewa ikitoka. Chupa ilifungwa puto mdomoni, puto likajaa, na mizani ikashuka kidogo. Mwalimu akasema hewa imevuja, akaendelea. Huenda ilivuja, lakini hata isipovuja puto lililotanuka huinuliwa na hewa inayolizunguka, takribani gramu 1.2 kwa kila lita, na mizani husoma pungufu. Chupa ya soda iliyokazwa kizibo, yenye magadi kidogo sana ili isipasuke, ingeonyesha tarakimu ile ile mwanzo na mwisho.

Mabenchi yamebanana na feni ni moja. Ada hulipwa kwa mwezi, na kwa kuwa mitihani ni ya Kiingereza, kila istilahi huandikwa ubaoni kwa lugha zote mbili. Kwa kidato cha nne anayetafuta maswali ya mitihani iliyopita, darasa hili litamchelewesha. Kwa anayeanza mada hii, ningemlipia bila kusita.