Uzoefu wangu: seti ya hewa ya ukaa ya chupa mbili, na ute unaoziba jiwe

Ndani ya boksi kuna vifuniko viwili vya chupa ya soda, geji ya presha, valvu ya sindano (ya kupunguza au kufunga gesi), valvu ya kuzuia maji yasirudi, mpira wa hewa na jiwe la kauri la kutoa povu. Naitumia kulisha gesi hiyo (kaboni dioksidi) mimea iliyo kwenye tangi langu la samaki la lita 60. Naipa nyota tatu kati ya tano, na moja ya zile mbili nilizokata ni kwa sababu ya ute.

Ukiiendesha kwa sukari na hamira, wiki haiishi kabla ncha ya mpira na uso wa jiwe havijavaa kitu cheupe mithili ya makamasi. Povu laini linageuka mapovu makubwa yanayopanda moja kwa moja na kupasukia juu, mimea isiambulie kitu. Karatasi ya maelekezo inasema jiwe limekwisha, nunua lingine. Si kweli, jiwe ni zima. Hamira inapokula sukari hutoa gesi na kileo kwa pamoja. Mvuke wa kileo na chembe za povu husafiri na gesi, na pale mpira unapokutana na maji bakteria wanakuta chakula tayari. Ni ute wa aina ile ile inayovaa kipande kipya cha mti ukikizamisha. Samaki hawadhuriki, na konokono na uduvi wanautafuna. Ubaya wake ni kwenye ile valvu ya kuzuia maji: ute ukishika ulimi wake wa mpira, haufungi tena, na chupa ikipoa au gesi ikiisha maji ya tangi yanarudi nyuma.

Seti ilipaswa kuja na chupa ya kuoshea gesi. Haina, kwa hiyo itengeneze. Chukua chupa ya nusu lita, itie maji hadi nusu. Toboa kifuniko matundu mawili ya milimita 5 kwa msumari wa moto. Mpira wa kawaida una unene wa milimita 6 kwa nje. Kata ncha ya mpira kimshazari, ipenyeze, ivute kwa koleo hadi ibane. Usihangaike na gundi ya silikoni, haishiki plastiki ya vifuniko. Mpira unaotoka kwenye hamira ushuke hadi karibu na kitako. Unaokwenda tangini uishie chini kidogo ya kifuniko. Kileo kinabaki kwenye maji. Nusa chupa hiyo baada ya siku tano, utadhani uko kilabuni. Badilisha maji kila unapochanganya sukari na hamira upya, la sivyo ute unarudi kama hukufanya lolote.

Kipimo cha chupa ya lita 2: sukari gramu 400, robo kijiko cha chai cha hamira, nusu kijiko cha bekingi soda (si bekingi pauda), na maji ya uvuguvugu. Acha nafasi ya upana wa kiganja juu. Wengi hukosea hapa: wanajaza hadi shingoni, povu linapanda na kuingia mpirani. Hamira nyingi nayo ina kosa hilo hilo, hasa kwenye joto la pwani. Na valvu ya sindano iache wazi kabisa, maana hamira haijui kusubiri. Ukiifunga, presha inapanda hadi chupa ipasuke. Chupa ya kioo usiithubutu kabisa.

Kusafisha: loweka jiwe saa mbili kwenye jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza, kisha liweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini hadi harufu iishe. Ncha ya mpira kata sentimita chache, ni haraka kuliko kuisugua. Jiki isikutane na siki wala ndimu ya unga, inatoa gesi ya klorini.

Hiyo ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ndiyo seti ilitengenezewa hasa, na hapo inastahili sifa. Hakuna hamira, hakuna kileo, kwa hiyo ute huu hauna cha kula. Maelekezo yanataka gramu 200 za ndimu na gramu 200 za bekingi soda. Ni ubadhirifu: kiasi hicho cha soda kinamalizwa na gramu 152 za ndimu, mimi natia 160. Inatoka takriban gramu 100 za gesi, na valvu ya sindano inaweza kufungwa usiku. Gharama yake inazidi ya sukari, ndiyo maana tangi dogo la uduvi bado naliendesha kwa hamira, chupa ya kuoshea ikiwa katikati.