TAHADHARI: Muuzaji wa saa anayekuonyesha uso na kuficha mgongo

Wakuu, kuna mchezo unaendelea kwenye kurasa zinazouza saa za mkononi, na wanaoumia zaidi ni watu wa bajeti ya kati. Mtu hana hela ya saa ya kifahari, lakini pia hataki ya kuvaa mwezi mmoja na kutupa. Kajibana, kapata chake, anataka kitu kimoja kizuri cha kudumu. Huyo ndiye anayewindwa.

Mimi ni fundi saa. Siku hizi zinanifikia mezani saa ambazo kazi yangu inaishia kumwambia mwenyewe kwamba hazitengenezeki. Kuna muuzaji mmoja ambaye mzigo wake umeletwa kwangu na watu wasiojuana kabisa, na maelezo wanayonipa yanafanana mpaka maneno. Jina simtaji, maana akichafuka leo, kesho anaamka na ukurasa mwingine, nembo nyingine na picha zilezile. Mbinu ndiyo haibadiliki, kwa hiyo naianika hapa.

Tangazo linaanza kwa kukuharakisha. "Tunafunga stoo, punguzo asilimia 80, zimebaki chache." Saa inameremeta, mishale imetegwa saa nne na dakika kumi kama kwenye matangazo yote ya saa, na bei ya zamani imekatwa mstari mwekundu. Hiyo bei ya zamani hakuna binadamu aliyewahi kuilipa. Iliandikwa ili ikatwe. Wengine wanakwambia kabisa saa ni bure, wewe lipia usafiri tu. Hiyo hela ya usafiri ndiyo bei ya saa, faida yake imo humohumo.

Ukimtumia ujumbe anajibu fasta, heshima zote, "karibu sana bosi". Rangi zipo, mkanda wa ngozi upo, wa chuma upo. Sasa mwombe picha ya mgongo wa saa, ule upande unaogusa ngozi. Utaambiwa imeshafungwa kwenye boksi, au kijana wa stoo katoka, au unatumiwa tena picha ya uso kutoka pembe nyingine. Walionionyesha mazungumzo yao naye, hakuna hata mmoja aliyepewa picha ya nyuma kabla ya kulipa.

Sababu nimeiona nilipofungua. Mfuniko umeshindiliwa tu, na ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ama haupo, ama umekatika na kujikunja upande mmoja. Ndani kuna pete kubwa ya plastiki nyeupe iliyojaza nafasi yote, na katikati yake kamashine ka betri kadogo kuliko kifungo cha shati. Pembeni limebandikwa bamba la chuma kwa gundi, kazi yake ni moja, kukupa uzito mkononi ili uamini. Vile viduara vitatu vya usoni, vinavyojifanya vya kupimia muda wa mbio, mishale yake imegundishwa. Vitufe vya ubavuni vinabonyea vizuri, kuna springi, ila haviendi kugusa kitu chochote.

Niseme mapema, saa ya betri si dhambi. Kipande cha kwazi (fuwele ya kuhesabia muda) kilichomo ndani kwa kawaida kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, iwe saa ya bei rahisi au ya bei ya kutisha, na saa ya betri ya kawaida inapotea kama sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Hakuna otomatiki, yaani saa isiyo na betri inayojijaza kwa mwendo wa mkono, ya bajeti yetu inayofikia hapo. Wizi uko kwenye kuuziwa mashine hiyo kwa bei ya otomatiki, na maneno ya otomatiki. Hili unalibaini kwa video fupi: mshale wa sekunde unaoruka mara moja kwa sekunde, ukasimama, ukaruka tena, huo ni wa betri hata kama nyuma kuna dirisha la kioo na gurudumu linalozunguka. Otomatiki nyingi za bei ya kati, kama zenye mashine namba 7S26 ya Seiko au 8215 ya Miyota, zinapiga mara 21,600 kwa saa, yaani hatua sita kila sekunde, na macho yanaona mshale kama unateleza.

Turudi kwenye mgongo. Saa inayong'aa mwili mzima, tangazo linasema chuma kisichoshika kutu, halafu nyuma imechongwa "STAINLESS STEEL BACK". Hapo mtengenezaji anakiri kwamba kile kisahani cha nyuma tu ndicho chuma hicho. Mwili wenyewe ni mchanganyiko wa zinki au shaba uliochovywa, na mchovyo ukishachubuka kwenye pembe kwa sababu ya jasho, hakuna fundi wa kurudisha hali. Kwenye saa ya plastiki maandishi hayo ni ya haki, maana kila mtu anaona kwamba mwili ni plastiki. Kwenye saa aliyokuuzia kama chuma kitupu, umepigwa. Na wale wa kupima kwa sumaku, mtakwama: chuma kizuri cha saa hakishikwi sana na sumaku, na zinki haishikwi pia. Uzito nao nimeshawaeleza unavyoongezwa.

Video ya kisu ndiyo inayowalegeza wengi. Anachukua kisu au funguo, anakwaruza kioo kwa nguvu, hakuna alama, anatangaza "kioo cha safaya!", yaani kile kioo kigumu cha saa za bei. Jamani, kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, safaya ni 9, mchanga ni 7, kioo cha kawaida kama 5.5, na kisu kinacheza humohumo kwenye 5.5. Funguo ya shaba iko chini zaidi. Kioo cha dirisha lako nacho kinaweza kufaulu mtihani huo. Kinachochuna vioo vya saa ni mchanga na ukuta wa zege, na hilo hutamwona akilijaribu.

Kuhusu Uswisi nitakuwa mkali kidogo, maana neno hilo limewaliza watu wengi. Kuandika "Swiss Made" kwenye saa kuna sheria ya Uswisi yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2017 angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza lazima ziwe zimetumika huko, mashine iwe ya Uswisi, ifungwe ndani ya mwili wake hukohuko na ikaguliwe mara ya mwisho hukohuko. Tapeli mjanja hagusi maneno hayo mawili. Anaandika kwamba usanifu ni wa Uswisi, au anachapa jina la Geneva katikati ya uso, au anaweka kijibendera chenye msalaba kwenye boksi. Vyote hivyo ni mapambo. Tapeli mjinga yeye anaandika "Swiss Made" bila woga, na ukimuuliza namba ya mashine anakujibu "mashine ni ya kimataifa". Nimeyasoma hayo maneno kwa macho yangu.

Maji nayo. Kuitumbukiza saa kwenye glasi mbele ya kamera hakuthibitishi kitu, maji ya glasi hayana presha ya maana. Nyuma ikiandikwa mita 30, maana yake matone na kunawa mikono, hiyo 30 ni kipimo cha presha ya maabara na wala haimaanishi kina cha kuzamia. Ya kuogelea tafuta 100. Ya kuzamia ni 200 na kuendelea, na iwe imekidhi ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia. Akikwambia "haiingii maji kabisa" bila namba yoyote, chukulia kwamba inaingia.

Sasa upande wa pili wa biashara yake, na huu unawakamata hata wanaojiona wanajua saa: Seiko 5 za zamani, zile otomatiki za Seiko za bei nafuu, "orijino, kutoka kabati la babu, imefanyiwa sevisi". Rangi zake zinavutia kupita kiasi, chungwa, kijani, nusu nyekundu nusu nyeusi. Nyingi za hizi ni saa zilizounganishwa kutoka maiti kadhaa: mwili wa hii, mashine ya ile, na uso uliopakwa rangi upya. Chukua lenzi uangalie maandishi ya uso. Chapa ya kiwandani ina kingo kali kama wembe. Ya kupakwa upya ina herufi nene zilizovimba, na mistari ya dakika haikai sawa na ukingo. Chini kabisa, karibu na namba sita, uso wa Seiko huwa na namba ndogo sana, nazo zinaanza na namba ya mashine. Aliyepaka upya mara nyingi anaziacha, au anaziiga kutoka saa nyingine.

Hapa tena mgongo ndio unaosema ukweli. Seiko huchonga namba ya mashine, kistari, kisha namba ya mwili, mfano 7S26 ikifuatiwa na tarakimu nne, wakati mwingine zikichanganyika na herufi. Chini yake kuna namba ya toleo la saa yenyewe: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo 7N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 7. Muongo unaukisia kwa mashine. Niliwahi kuletewa moja iliyouzwa kama "ya miaka ya sabini", mgongo umeandikwa 7S26. Mashine hiyo ilianza 1996! Babu huyo aliinunulia wapi?

Na kama mgongo unasema 7S26, vuta kile kifundo cha pembeni mpaka mwisho. Mshale wa sekunde unatakiwa uendelee kutembea, mashine hiyo haina uwezo wa kuusimamisha, wala haijazwi kwa kuzungusha kifundo. Ukisimama, iliyomo ndani ni nyingine. Inaweza hata kuwa bora zaidi, 4R36 ya Seiko kwa mfano inafanya yote mawili, lakini basi muuzaji aseme hivyo na auze kama saa iliyobadilishwa mashine. Pia msimwonee muuzaji mwaminifu: otomatiki za kundi hili Seiko wenyewe wanaziruhusu kutangulia sekunde 45 au kuchelewa 35 kwa siku. Ikitangulia sekunde 12 haina ugonjwa.

Hata Casio F-91W, saa ya tangu 1989 ambayo bei yake ni ya chini kabisa, inaigwa. Kile kipimo cha kushikilia kitufe cha kulia sekunde tatu mpaka yatokee maandishi ya CASIo, feki nyingine zimeshajifunza, msikitegemee peke yake. Nyuma tafuta namba ya mashine yake, 593, na maandishi yaliyochongwa vizuri, yasiyofutika kwa kucha.

Kwa hela ya kati ushauri wangu ni wa kizamani tu. Casio, Citizen, Seiko, Orient, Timex, ya kawaida isiyo na madoido, kutoka kwa anayekupa risiti na waranti yenye muhuri. Anayechukia kubadilisha betri aangalie Citizen za kuchajiwa na mwanga. Kampuni ndogo zisizo na jina si zote matapeli, baadhi zinatumia mashine nzuri za Miyota au NH35 ya Seiko, ila wa kweli anaitaja namba ya mashine mwenyewe kwenye tangazo, kabla hujauliza, kwa sababu ndiyo fahari yake.

Kabla ya kulipa, mwombe vitu viwili. Picha ya mgongo inayosomeka, na video ambayo saa imetegwa muda uliomtajia wewe, tuseme saa mbili na dakika kumi na saba, huku akibonyeza vitufe vyote. Picha za kuiba mtandaoni haziwezi kutii agizo hilo. Mwenye saa mkononi atalifanya kabla chai yake haijapoa. Akikasirika, au akisema wateja wengine wanasubiri, mwache awahudumie hao wateja.

Kwa aliyeshalipa: rekodi video unapofungua kifurushi, usitoe nailoni, usikubali fundi yeyote aifungue nyuma kwanza. Malalamiko peleka kwa njia uliyolipia, benki au huduma ya malipo, siku hiyohiyo, pamoja na picha ya tangazo na ya ulichopokea vikiwa kando kwa kando. Huyu jamaa ana tabia ya kuanza kukubembeleza: atakurudishia robo ya hela ubaki na saa, ukikataa anapanda hadi theluthi, kisha anaomba uirudishe kwa gharama zako kwenye anwani ya nchi nyingine. Wakati mnavutana, siku za kudai zinaisha, na hicho ndicho anachokingoja. Atakuomba pia ufute malalamiko "ili mfumo uruhusu" kurudisha hela. Usifute. Hela iingie kwanza kwenye akaunti yako, ndipo ufunge.