ColorChecker Studio au SpyderPrint kwa printa ya picha ya nyumbani?

Ukishachoka na picha zinazotoka printa na sura za watu zimekuwa za kijani, utaishia kwenye hivi vifaa viwili vya kupima rangi. ColorChecker Studio ya Calibrite (ndo ileile ya zamani i1Studio, na kabla yake ColorMunki Photo) inapima skrini na printa kwa kifaa kimoja. SpyderPrint ya Datacolor ni printa tu, skrini inabidi uwe na Spyder nyingine, so angalia bei ya seti nzima sio ya kifaa peke yake.

Kazi yenyewe sasa, yaani kutengeneza profaili (faili la kurekebisha rangi za printa yako kwenye karatasi fulani). Studio unaprinti ukurasa wa viboksi 50 vya rangi, unasubiri wino ukauke, unaburuta kifaa juu ya mistari, halafu programu inakutengenezea ukurasa wa pili wa 50 kulingana na ilichosoma kwa wa kwanza. Karatasi mbili tu, fasta. SpyderPrint inaenda mpaka viboksi 729, mkono utauma na wino utaisha, ila ina chati ya ziada ya kijivu, na kama unaprinti sana blakendiwaiti hapo ndo inajitetea kwelikweli.

Mimi ningechukua Studio, hasa kwa vile inakubali ArgyllCMS, programu ya kutengeneza profaili ambayo ni bure, unaprinti viboksi vingi unavyotaka wewe, SpyderPrint haikubali. Yoyote utakayochukua, wakati wa kuprinti chati zima usimamizi wa rangi (color management) kwenye draiva, ile programu inayoendesha printa, na kila aina ya karatasi ina profaili yake.