TAHADHARI Kigoma mjini: jamaa anayeuza feni za kutoa moshi na kufunga mwenyewe

Wakuu habari, hii ni kwa wenye migahawa, bekari, viwanda vidogo vya mawese na mashine za kukoboa, kuanzia Ujiji, Mwanga, Gungu mpaka Mwandiga na kule Kibirizi. Kuna jamaa anapita pita anauza feni kubwa za kutoa moshi, za kutobolea ukuta na zile za kukaa juu ya bati, anakwambia mpya kabisa zimetoka Dubai, bei karibu nusu ya dukani na anakufungia bure siku hiyo hiyo. Msinunue. Mimi ni fundi umeme na hizo feni nimeshazishusha kwenye mabati ya watu, kwa hiyo naongea kitu nilichokishika kwa mkono.

Kwanza sio mpya. Ni mota zilizoungua zikasukwa upya kwa waya wa aluminiamu badala ya kopa halafu zikapuliziwa rangi ya kijivu, rangi imeingia mpaka kwenye vichwa vya skrubu na pembeni ya kibao (kale ka-bati kenye maelezo ya mota), sasa kiwanda gani kinapuliza rangi juu ya kibao chake? Na juu ya kibao kuna stika yake imeandikwa 230V 50Hz (Hz ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde). Ibandue taratibu na kucha. Moja niliyoishusha Mwanga chini yake iligongwa 220V 60Hz, huo ni umeme wa nchi kama Korea Kusini, hapa kwetu ni 50Hz, mota ya namna hiyo ukiifunga inazunguka tu wala hushtuki, ila spidi inapungua kama moja ya sita na mota inapata moto kuliko ilivyotakiwa. Ndio maana ukimuita baada ya wiki kadhaa umwambie moshi hautoki vizuri anakujibu "jiko lako kubwa boss, ongeza feni ya pili". Anakuuzia kimeo cha pili.

Kibaya zaidi, kwenye mota nzuri kuna kale ka-themo kanakaa ndani ya koili, mota ikipata moto sana kanakata umeme chenyewe. Zake hakapo, ameunga waya moja kwa moja. Kwa hiyo haizimi, inaendelea kuchemka mpaka inaungua, na jikoni juu ya mota kumejaa mafuta yaliyoganda, wauza chipsi na wakaanga samaki mnanielewa. Ikishaungua anakwambia TANESCO ndio wameunguza, umeme ulipanda ukashuka. Huo utetezi anaujua vizuri maana hapa Kigoma kila mtu ana kitu chake kimeungua na umeme, nani atabisha?

Sasa ufungaji wake ndio ulionifanya niandike. Kuna mgahawa Kibirizi wapishi walikuwa wanalalamika kila mvua ikinyesha ukigusa fremu ya mlango wa chuma unapigwa shoti, watu wakaanza kusema jengo lina mambo. Nikapanda juu. Jamaa alipitisha waya mwembamba wa taa kwenye tundu la bati alilolitoboa kwa msumari mkubwa, hakuna glandi (kile kibano cha kushika waya kwenye tundu), hakuna raba, hakuna hata kipande cha bomba, na feni inavyotetemeka kutwa nzima ukingo wa bati umekula ganda la waya mpaka kopa inaonekana, waya wa moto umelala kwenye bati. Nikaweka testa kwenye msumari wa bati ikawaka. Ethi haikuungwa kabisa, ule waya wa kijani na njano wa kupeleka umeme uliovuja ardhini ameukata akaukunja ndani ya boksi, na breka ya kukata umeme unapovuja haikuwepo. Yaani jengo zima lilikuwa limeunganishwa na umeme na lilikuwa linasubiri mtu mwenye miguu mibichi.

Feni ya juu ya bati inatakiwa iwe na swichi yake ya kuzimia hapo hapo karibu na feni, isiyopitisha maji, ili fundi akipanda kusafisha asiwe na mtu chini anayewasha bila kujua. Waya uingie kwa chini ukiwa umening'inia kidogo kabla ya kupanda kwenye boksi, maji ya mvua yadondokee hapo kwenye kona yasiufuate waya mpaka ndani. Breka iwe ya feni peke yake, sio kuunga kwenye soketi ya friji kama anavyofanya yeye. Kama ni ya fezi tatu iwe na overload (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa), na siku ya kwanza shika karatasi mbele yake uone inavuta au inapuliza, fezi mbili zikigeuzana inazunguka kinyume. Zile za bapa utajua mara moja maana zinaingiza hewa ndani, ila zile za mzunguko kama konokono hata kinyume zinatoa hewa kidogo kidogo na unaweza kukaa nayo hivyo mwaka mzima.

Wa bekari za tanuri la kuni na majiko ya mkaa hili msilipite: jamaa anafunga feni halafu anakushauri uzibe madirisha "ili ivute vizuri". Usizibe! Feni ikikosa hewa ya kuvuta inaivuta kwenye bomba la moshi, moshi unarudi ndani pamoja na ile gesi ya mkaa isiyo na harufu, na hiyo inaua watu kimya kimya.

Ukikutana naye muombe vitu viwili tu, leseni ya ufungaji umeme ya EWURA na risiti ya EFD, kwangu hakuna mteja wake aliyepewa hata kimoja. Mwambie pia akufungulie kifuniko cha mota, ukwangue waya kidogo kwa kisu, ukiona weupe chini ya rangi ya kopa umeshajua.

Ambao mmeshafungiwa, zimeni breka kuu leo, msipande juu bati likiwa bichi, itisheni fundi mwenye leseni apime ethi na uvujaji kabla ya kuwasha tena. Na mota msimrudishie, anaomba "nikaitengeneze" halafu anapotea nayo, namba haipatikani. Pigeni picha stika na kibao cha chini yake, tunzeni meseji za malipo, bila hivyo mkifika polisi itakuwa neno lenu na lake.